Yule praiveti wa Malawi aliyemvuta Mtanzania: jibu kwa mama mdogo ambaye kijana wake anataka jeshi

*"Mtaalam habari za kazi. Nina kijana wa marehemu dada yangu, mimi ni mama yake mdogo nimemlea tangu yuko darasa la tano, sasa kamaliza form six anasubiri JKT. Tangu asome habari za yule askari wa Malawi, Chitete, aliyekufa Kongo akimwokoa Mtanzania, amebadilika kabisa. Picha yake kaiweka kwenye simu, kila siku jeshi jeshi, anataka aende Kongo na yeye, na juzi kaniambia 'mama mdogo hata nikifa kama yule ni sawa tu'. Mimi usingizi sina. Hii stori ni ya kweli au ya kutengeneza? Shemeji yangu anasema yule aliacha sehemu salama kwa kiherehere ndo maana akafa, ni ujinga sio ushujaa. Na kama ni ushujaa mbona wale wetu waliouawa 2017 hawakupewa hiyo medali? Halafu nimjibu nini huyu mtoto, nimkatalie au nimwache?"*

Dada yangu, pole kwa usingizi uliopotea na hongera kwa malezi, kulea mtoto wa marehemu mpaka form six sio kazi ndogo. Umeuliza maswali manne ila mi naona linalokuuma ni moja, lile neno la "hata nikifa ni sawa tu". Nitalifikia usiwe na wasiwasi, lakini tuanze na stori yenyewe kwa sababu kijana wako ameisoma kwa namna fulani na shemeji yako ameisoma kwa namna nyingine na wote wawili naona wameruka kitu kilekile.

Stori ni ya kweli. Praiveti Chancy Chitete alikuwa askari wa jeshi la Malawi, yuko na MONUSCO, yaani ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani Kongo. Novemba 2018 walinda amani wa Malawi na Tanzania waliingia pamoja na jeshi la Kongo kwenye operesheni upande wa Beni, Kivu Kaskazini, eneo la Kididiwe, dhidi ya ADF. Hawa ADF ni kundi lenye asili ya Uganda ambalo limekaa misitu ile miaka mingi na tangu 2014 raia wa Beni wamekuwa wakichinjwa vijijini kwao hadi basi. Na mwaka ule kulikuwa na balaa juu ya balaa, Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 na ikaja kuisha rasmi Juni 2020 ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200, sasa fikiria timu za chanjo na za kufuatilia wagonjwa zinatakiwa zifike kijijini na njiani kuna watu wenye bunduki na mapanga. Ndo maana ile operesheni haikuwa ya kijeshi tu, ilikuwa pia kufungua njia watu wa afya wapite.

Mapigano yakawa makali sana. Koplo wa JWTZ, Ali Khamis Omary, akajeruhiwa vibaya, hawezi kutembea, yuko mahali wazi ambapo risasi zinapita. Chitete akamuona. Akamfuata, akamvuta mpaka sehemu yenye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza, na akiwa kwenye kazi hiyo ndo na yeye akapigwa risasi. Koplo alipona. Chitete alifariki. Taarifa ya kwanza ya UN ilitaja walinda amani saba waliouawa kwenye mapigano yale, sita wa Malawi na mmoja wa kwetu, na askari wa Kongo pia walikufa.

Hapo nikuwekee kitu pembeni kidogo. Miaka ileile ya karibuni wanasiasa wa Dar na Lilongwe walikuwa wanavutana kuhusu mpaka wa ziwa, sisi tunaita Nyasa wao wanaita Malawi, mpaka marais wastaafu wa nchi nyingine wakaitwa kusuluhisha. Na huku msituni Kongo Mmalawi anamvuta Mtanzania ambaye hawajazaliwa nchi moja wala hawajala kiapo cha bendera moja. Mi kila nikifundisha habari za ulinzi wa amani naanzia hapo, sio kwenye medali.

Sasa shemeji yako. Usimgombeze, wengi wanafikiri hivyohivyo, na ndani ya maneno yake kuna ka-ukweli ambako wanajeshi wenyewe wanakajua: kumfuata majeruhi chini ya risasi ni moja ya vitu vya hatari kuliko vyote vitani. Sababu ni rahisi. Yule aliyempiga wa kwanza bado yupo palepale, bunduki yake bado inaangalia palepale, na wewe unaenda palepale. Ukifika huwezi kukimbia kwa sababu mtu mzima na fulana ya kuzuia risasi na helmeti na risasi zake na maji anakaribia kilo mia, ukimvuta mikono yote miwili iko kwake kwa hiyo hufyatui risasi, mgongo uko nje, mwendo ni wa taratibu. Ndo maana mafunzo ya huduma ya kwanza ya kivita yanaanza na kitu ambacho raia anakishangaa, kwamba tiba ya kwanza ni kumnyamazisha adui. Wenzako wapige risasi kwa wingi mpaka adui ainamishe kichwa, majeruhi kama anaweza kutambaa ajitambaze mwenyewe, kama anaweza kujifunga damu ajifunge, na hapo ndo mtu anaenda kumtoa, na matibabu ya maana yanafanyika mkishafika kwenye kinga.

Ila upande wa pili wa hesabu ni saa. Mtu aliyepigwa kwenye mshipa mkubwa wa paja au wa mkono anaweza kuisha damu ndani ya dakika chache tu, tatu, nne, tano, hakuna helikopta ya kufika kwa muda huo. Aliyepigwa na hawezi kusogea hana hizo njia nilizotaja, hatambai, na kila sekunde akikaa pale wazi anaweza kupigwa tena. Kwa hiyo mwenzake aliye karibu anabaki na maamuzi mawili mabaya na hakuna la tatu: kumwacha afe, au kuhatarisha maisha yake. Kumsaidia mwenzako aliyejeruhiwa sio utovu wa nidhamu, kila jeshi duniani linafundisha hivyo na kila askari anaingia vitani akiamini kwamba akianguka kuna mtu atamfuata, bila hiyo imani hakuna anayetoka kwenye handaki.

Na angalia alichofanya hatua kwa hatua. Hakusimama kifua mbele akipiga kelele. Alimfuata, akamvuta mpaka kwenye kinga, *ndipo* akaanza kumhudumia. Huo ndo mpangilio wenyewe unaofundishwa. Mtu mwenye kiherehere angeanza kumfunga damu palepale katikati ya risasi na wangekufa wote wawili. Kwa hiyo mwambie shemeji kwa upole tu kwamba kile kilikuwa kitendo cha mtu aliyefundishwa akafundishika, ila kinga vitani huwa haikingi pande zote.

Twende kwenye medali maana hapa kuna mkanganyiko mkubwa na sio wewe peke yako. UN ina medali mbili ambazo watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya Dag Hammarskjöld, yule Katibu Mkuu aliyekufa kwa ndege kuanguka karibu na Ndola Septemba 1961 akishughulikia mgogoro huohuo wa Kongo. Hiyo anapewa kila mlinda amani anayekufa akiwa kazini chini ya UN, awe amekufa kwa risasi, kwa gari kupinduka, au kwa malaria, na familia ndo inapokea kupitia serikali yao. Wale vijana wetu 15 wa Semuliki, kambi ya UN huko Kongo iliyoshambuliwa Desemba 7, 2017, hiyo ndo inawahusu, kwa hiyo sio kweli kwamba wamesahaulika. Watu wanasema "hawakupewa kitu" kwa sababu hawajui kuwa hiyo ipo.

Ya pili ndo ya Chitete. Inaitwa kwa jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, aliyekuwa mwangalizi wa kijeshi wa UN pale Rwanda 1994. Yule bwana wakati wa mauaji ya kimbari alikuwa anaingia mitaani Kigali na gari, bila kutumia silaha, anawachukua watu anawapitisha vizuizi vya wanamgambo wa Interahamwe kwa maneno, kwa utani, kwa sigara, mpaka akaokoa mamia ya watu, wakiwemo watoto wa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana ambaye alikuwa ameuawa. Alikufa Mei 31, 1994 bomu la mota lilipoanguka karibu na gari lake. Baraza la Usalama likaanzisha medali ya jina lake Mei 2014, ya ujasiri wa kipekee, na ya kwanza ikaenda kwa familia yake mwenyewe 2016. Ya pili ni Chitete, familia yake ikaipokea kwa Katibu Mkuu Guterres makao makuu New York Mei 24, 2019. Siku hiyohiyo wakaheshimiwa walinda amani 119 kwa ile medali ya Hammarskjöld. Umeona tofauti? 119 kule, huku mmoja. Baadae 2022 ikaenda kwa Kapteni Abdelrazakh Hamit Bahar wa Chad aliyekufa Mali. Ni wachache mno.

Na hapa kuna kitu ambacho nataka kijana wako akisikie vizuri: hiyo medali sio ya kufa. Azimio lililoianzisha linazungumzia mtu aliyeonyesha ujasiri wa kipekee mbele ya hatari kubwa akitekeleza wajibu wake, halisemi lazima afe. Kilichopewa medali ni zile dakika ambazo Chitete alikuwa hai, akimvuta mtu, mikono yake ikifanya kazi. Angepigwa risasi kabla hajamfikia koplo angekuwa shujaa vilevile kwa roho lakini koplo angekufa pia, na angerudi nyumbani salama siku ile bado koplo angekuwa hai na bado kitendo kingekuwa kilekile. Kifo hakikuongeza kitu kwenye kile alichofanya, kilipunguza tu, maana Malawi ilipoteza askari anayejua kazi na familia ikampoteza mtu wao.

Kuhusu kwamba je kule Semuliki hakukuwa na mtu wa aina hiyo, mi siamini hata kidogo. Kambi ilishambuliwa kwa saa nyingi, zaidi ya arobaini wakajeruhiwa, mahali kama hapo lazima kuna waliobeba wenzao. Lakini medali za ujasiri ndivyo zilivyo duniani kote, zinahitaji mtu aliyeona, aandike, apendekeze, na faili lipande ngazi. Ujasiri usio na shahidi unaenda kaburini na mwenyewe. Kwa Chitete shahidi alikuwepo na alikuwa hai, na uhai wake wenyewe ndo ulikuwa ushahidi. Nakubali hiyo sio haki kamili, nakubaliana na uchungu wako hapo.

Ngoja niseme na hili la "kwenda Kongo" maana vijana wana picha mbili za UN na zote haziko sawa. Picha moja ni kofia za bluu wanaokaa kwenye magari wanaangalia tu watu wakiuana. Nyingine ni ya hela, kwamba wanaenda kuvuna dola. Kile kikosi alichokuwemo Chitete ni Brigedi ya Kujibu Mashambulizi, FIB, kiliundwa kwa azimio namba 2098 la Machi 2013, askari 3,069 wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda wake wa kwanza Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa kwetu, na tofauti na vikosi vingine vya UN hiki kilipewa ruhusa ya kuanza mashambulizi dhidi ya vikundi vyenye silaha, sio kusubiri kupigwa. Walichangia M23 kushindwa mwaka uleule 2013. Kwa hiyo ni vita ya kweli msituni, mvua, matope, miti imefunga huoni mita ishirini mbele. Na hela, mwaka 2018 aliokufa Chitete UN ilikuwa inalipa dola 1,428 kwa mwezi kwa kila askari lakini inailipa *serikali*, halafu kila nchi inampa askari wake kwa utaratibu wake. Mtu asiingie jeshini akiwa na hesabu ya dola kichwani.

Tena haendi Kongo kwa kutaka. Hata akiingia JWTZ leo, misheni anapangiwa na jeshi kulingana na kikosi chake na mafunzo yake, anaweza kumaliza miaka yake yote Monduli au Songea hajawahi kuvaa kofia ya bluu, na ni askari kamili vilevile. Na kwa kuwa umesema anasubiri JKT, nafasi za jeshi hutangazwa hadharani na haziuzwi, yeyote atakayekuja kukwambia "nipe kiasi fulani kuna mkubwa namjua" ni tapeli, tena hao wanawawinda haswa watu kama wewe, mlezi mwenye kijana mwenye hamu.

Haya tulifikie lile neno.

Kijana wa miaka kumi na nane kumi na tisa kusema "hata nikifa sawa tu" inaweza kuwa maneno ya ujana tu, damu inachemka, amepata shujaa wake. Mara nyingi ni hivyo na wala sio ugonjwa. Lakini huyu wako mama yake alifariki akiwa darasa la tano, na umesema *amebadilika kabisa*, na mi siwezi kuyapita hayo mawili kama sijayaona. Watoto waliofiwa wadogo wakati mwingine wanakaa na kifo miaka bila kukiongelea, halafu inapatikana stori ambayo ndani yake kifo kina maana, kina heshima, kina bendera na watu wanasimama, na wanaishikilia hiyo. Sisemi ndivyo ilivyo kwake, simjui. Nasema usimkatalie jeshi na usimruhusu jeshi kabla hujaijua hiyo sentensi imetoka wapi.

Muulize. Sio kwa kumkalisha kikao na wajomba, akiwa anakusaidia kazi au mko njiani, muulize tu "hivi kwa Chitete ulipenda nini hasa?" halafu nyamaza. Akikwambia alipenda kwamba hakumwacha mwenzake, alijua la kufanya, aliheshimu askari wa nchi nyingine, basi huyo ana sababu nzuri na mpeleke kwenye kitu cha kushika kwa mikono, Msalaba Mwekundu wana mafunzo ya huduma ya kwanza, akajifunze kufunga jeraha linalovuja damu na kumbeba mtu asiyetembea. Kwetu ajali za bodaboda zipo kila siku, hahitaji msitu wa Beni ili elimu hiyo iokoe mtu. Na akiingia jeshini ataingia akiwa tayari anafaa.

Akikwambia alipenda namna alivyokufa, au namna watu walivyolia, au kwamba "angalau yeye alikufa kwa kitu", hapo sikiliza kwa makini, na usibishane naye. Muulize wazi kama huwa anafikiria kufa, kuuliza hakumtii mtu wazo ambalo hana, hiyo hofu ya wazazi haina msingi. Na kama pamoja na maneno hayo unaona halali, hali vizuri, amejitenga na marafiki, anagawa vitu vyake, ameanza pombe au bangi, au anasema kufa kufa hata pale ambapo jeshi halijatajwa, usisubiri barua ya JKT na usisubiri mi nijibu tena. Nenda naye hospitali ya rufaa ya mkoa, wana kitengo cha afya ya akili, au anza na ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya wakuelekeze. Akikwambia ana mpango wa kujidhuru basi ni siku hiyohiyo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Mi nimesomea vita na amani, mtu wa kumkalisha kijana na kumsikiliza mpaka chini ni yule aliyesomea hilo, na lazima amuone ana kwa ana.

Na usidhani kambini watamnyoosha. Najua wapo watakaokushauri "mpeleke jeshi akili itamkaa sawa". Kijana anayetafuta kufa ni hatari kwa kombania nzima, na wakufunzi wazuri wanalijua hilo, wanataka mtu anayetaka kurudi, kwa sababu anayetaka kurudi ndo anayejifunza kujikinga, anayekagua silaha yake mara mbili, anayekumbuka wapi pana kinga kabla hajamfuata mwenzake.

Ukweli wangu wa mwisho kuhusu nimkatalie au nimwache: ameshapita miaka ya kukataliwa. Ukimzuia kwa nguvu ataenda kwa hasira, na ukimwachia tu ataenda na hiyo sentensi mfukoni. Zungumza naye kwanza, hata ikichukua wiki mbili tatu, jeshi litakuwepo. Na umwambie, kama bado hajui, kwamba koplo yule wa Tanzania alipona, kwa sababu mara nyingi vijana wakiniletea stori hii wanaijua tarehe ya medali na hawajui jina la aliyeokolewa.